Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: fizi za watoto zitazamwe

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu noma, ugonjwa wa bakteria ambao wauguzi wengi hustaafu bila kuuona. Huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6, hasa waliodhoofishwa na utapiamlo au waliotoka kuugua surua au malaria.

Huanza na kidonda kwenye ufizi. Fizi huvuja damu zikiguswa, mdomo hunuka, mtoto hutokwa na mate na kukataa kula. Siku chache tu baadaye shavu huvimba, kisha nyama huwa nyeusi na kuoza, na shavu linaweza kutoboka hadi meno yakaonekana kwa nje. Wasipotibiwa, hufa hadi watoto 90 katika kila 100. Wanaonusurika hubaki na makovu yanayokaza taya, kula na kusema kukawa taabu. Wengi hufichwa ndani kwa aibu, ingawa noma haiambukizi.

Kinachoniuma ni kwamba ukiwahiwa mwanzoni, ugonjwa huu unatibika kwa dawa za kawaida kabisa: amoksilini, metronidazoli, dawa ya kusukutua, pamoja na lishe ya kumrudishia mtoto nguvu.

Najua utaambiwa kwamba ni ugonjwa wa nadra na fedha hazitoshi. Lakini mtoto aliyefia nyumbani na kuzikwa kimyakimya, nani alimhesabu? Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa Desemba 2023, tena kwa kuchelewa. Ulaya nayo iliujua. Ulipungua huko watu walipoanza kula vizuri, kabla antibiotiki hazijapatikana, ukazuka tena kwenye kambi za mateso za Wanazi. Njaa ndiyo huufungulia mlango.

Ninachoomba ni hiki: mtoto akiletwa kliniki kupimwa uzito au kuchanjwa, muuguzi ainue mdomo wa juu, ashushe wa chini, atazame fizi kwenye mwanga. Haimalizi hata dakika. Zoezi hili liwekwe kwenye mwongozo, lipewe nafasi kwenye kadi ya mtoto, dawa hizo zisikosekane zahanati, na kila mgonjwa aripotiwe kwa lazima. Kama haiwezekani kote kwa mara moja, Mheshimiwa, tuanze na wodi za utapiamlo.

Wako katika kazi,
Muuguzi wa watoto