Barua ya Malalamiko: Mota za Treni Ndogo Zilizobandikwa Lebo ya Uongo

Kiboriloni,
Moshi.

Meneja wa Mauzo,
Duka la Mota na Vipuri vya Umeme,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MOTA NNE ZISIZOLINGANA NA ODA YANGU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Niliagiza kwenu mota nne za kubadilishia kwenye vichwa vya treni ndogo za mfano, zile za kipimo cha 1:87 zinazopita kwenye reli yenye upana wa milimita 16.5. Kabla ya kulipa niliwaandikia kila nilichohitaji ili pasiwe na utata: mota ya DC ya volti 12, shafti (kile chuma kinachozungushwa na mota) itokeze pande zote mbili, unene wa shafti milimita 2, rota (sehemu ya ndani inayozunguka) yenye ncha 5 za sumaku. Mkanijibu, "Zipo, lipia tukutumie." Nikalipa kwa simu, mzigo ukaja Moshi kwa basi. Ujumbe wenu ninao, na risiti ninayo.

Mota mbili zimekuja na shafti ya upande mmoja tu. Zote nne, nilipozipima kwa vernia (kifaa cha kupimia unene), zina shafti ya milimita 2.3, na rota zake ni za ncha 3. Kama mambo yangeishia hapo ningeomba mnibadilishie, basi. Lakini nilipokuwa nafuta mafuta kwenye mota ya kwanza kwa spiriti, lebo yenu ya "12V" ilianza kubanduka pembeni. Chini yake, kwenye bati la mota, kiwanda kimegonga mhuri wake: 6V. Nikabandua lebo ya pili, ya tatu na ya nne. Zote ni za volti 6. Kuna mtu aliyekaa akabandika karatasi juu ya mhuri wa kiwanda, moja baada ya nyingine. Kama aliyefanya hivyo ni fundi wenu au ni yule aliyewauzia ninyi, mtanieleza. Mimi nilinunua kwenu.

Mfanyakazi wenu nilipompigia alinijibu, "Mzee, mota ni mota, mradi inazunguka." Jibu hilo limeniuma kuliko hasara yenyewe, kwa hiyo naomba niwaeleze kwa nini si kweli, maana mnaendelea kuwauzia wengine.

Kichwa cha treni ya dizeli cha aina ninayotengeneza kina mota katikati. Shafti inatoka mbele na nyuma, kila upande unazungusha gia yenye umbo la skrubu, na gia hiyo ndiyo inayosukuma magurudumu ya upande wake. Mota yenye shafti moja itaendesha nusu ya magurudumu tu, na nusu nyingine itaburutwa. Kichwa cha namna hiyo hakipandi mlima na mabehewa. Na ile gia imetobolewa milimita 2 kamili na hukaa kwa kubana. Haiingii kwenye shafti ya 2.3. Ukisema uipanue kwa drili, tundu likienda upande kidogo tu gia itayumba na kula meno ya mwenzake. Hiyo 0.3 mnayoiona ndogo, kwenye treni ya kweli kwa kipimo cha 1:87 ingekuwa zaidi ya milimita 26. Hakuna karakana ya reli itakayopokea ekseli iliyokosewa kiasi hicho.

Kuhusu rota: ncha 5 hufanya mota ianze taratibu bila kushtuka. Ya ncha 3 huruka inapoanza. Watoto wa mtaani wanaokuja kuangalia treni zangu hupenda zaidi pale inapoondoka stesheni polepole. Reli imefika Moshi tangu 1911 ikitokea Tanga, na Arusha ikafika 1929, lakini kwa miaka mingi, hadi 2019, hapakuwa na treni ya abiria iliyoondoka hapa. Nawataka waione inavyoondoka kweli.

Volti ndiyo hatari yenyewe. Mota ya volti 6 ukiipa volti 12, ikikwama kwa sababu ya uchafu au gia iliyobana, inavuta mkondo mara mbili na kutoa joto mara nne ya kiasi chake. Mimi huwa napima kwanza kabla ya kufunga: naishika shafti isizunguke na kusoma ampea. Mota yenu ilisoma 1.9. Dikoda ninazotumia, yaani kile kibao kidogo cha elektroniki kinachopokea amri na kuiendesha mota, zinabeba ampea 1. Nikaziweka mota zenu pembeni. Mwenzangu wa Arusha, aliyenunua kwenu mota zenye lebo ileile, aliiamini lebo. Dikoda yake imeungua na ganda la plastiki la kichwa cha treni limeyeyuka. Ganda hilo halipatikani tena, kwa sababu toleo hilo halitengenezwi siku hizi.

Ninachotaka ni fedha yangu yote pamoja na nauli ya mzigo, kwa njia ileile niliyolipia. Sitaki mbadala, kwa sababu lebo zenu siziamini tena. Mwenzangu mlipeni dikoda na ganda. Atawaandikia mwenyewe na kuambatanisha picha. Mota zote zilizobaki dukani zenye lebo hiyo ziondoeni mezani hadi mtakapozibandua na kuandika volti zake halisi, na pia ampea zinazovuta zikizuiwa kuzunguka, maana mnunuzi wa mota za kazi hii huuliza hilo mapema.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitaipeleka Tume ya Ushindani pamoja na mota, lebo zilizobanduliwa na ujumbe wenu.

Mota nimezifunga kwenye boksi lake, hazijawahi kufungwa kwenye treni. Mkimtuma mtu wa basi azichukue, nitamkabidhi stendi ya Moshi baada ya fedha kuingia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mteja wenu,
Fundi wa treni ndogo, Moshi.