Shosti, kabla hujaacha kazi

Shosti wangu,

Mambo? Watoto wazima, mama mkwe je? Huku tupo, tunasukuma siku. Najua nimekaa kimya sana, ninunie ukishamaliza kusoma.

Kulwa kanitumia voisi jana usiku eti unaacha kazi ufungue onlaini TV. Nikajua ananizingua. Mara naona umeweka logo stetasi, nyekundu, na kidunia kinazunguka, nikasema basi tena.

Sikukatishi tamaa, ila shosti, mjini hapo onlaini TV zimeshakuwa nyingi kuliko habari zenyewe. Juzi ofisini tuliita waandishi kuzindua kamradi kadogo tu, meza ikajaa maiki mpaka bosi uso hauonekani, nusu ya zile nembo sijawahi kuziona popote. Hotuba imeisha, swali hata moja hakuna, macho yote kwa yule dada mwenye bahasha za nauli. Jioni naingia mtandaoni, habari ile ile, sentensi zile zile, hata jina la mradi wote wamelikosea herufi moja hiyo hiyo maana wamekopi kwa mmoja. Kilichobadilika ni kichwa, kuna aliyeandika HUWEZI AMINI ALICHOSEMA na mshale mwekundu juu. Alichosema ni asanteni kwa kuja jamani!

Humo ndo unataka kuingia wewe? Na hela yenyewe iko wapi, YouTube wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka ndo wakuruhusu matangazo, sasa hapo katikati utakula nini kama sio hizo hizo bahasha.

Unakumbuka enzi za blogu lakini? Ndesanjo Macha na Jikomboe yake 2004, Michuzi akafuata 2005 na picha zake na maneno mawili ya utani, sisi tunapanga foleni intaneti kafe, mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM wenyewe haujafika mpaka 2009, picha moja inafunguka kuanzia juu taratibuuu. Na wewe na kablogu kako ka Blogspot. Ile stori ya yule mzee wa stesheni aliyekuwa anazijua treni kwa honi tu, mpaka leo naikumbuka. Hukulipwa, sawa, ila hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Hiyo ndo nakuambia, sio kwamba...haya, naacha.

Halafu leseni. Zile kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilikuja na ada ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka, faini kuanzia 5,000,000 au jela, watu wakafunga blogu zao, hata JamiiForums ilizima kwa muda Juni ile. Najua baadaye walishusha ada, kanuni zikarekebishwa, ila nenda TCRA, hao wa mamlaka ya mawasiliano, mwenyewe kwa miguu yako, usimsikilize Kulwa, Kulwa huyu huyu wa kuku wa mayai?

Baba watoto anasemaje? Mkopo wa kazini utaulipaje? Kamera ya nani, na nani atakuwa anaediti, wewe na yule mdogo wako anayelala mpaka saa sita? Kwani ukianza na Jumamosi tu, simu yako hiyo hiyo, na wazee wako wa reli, kuna ubaya gani? Paswedi ya ile blogu bado unayo? Na barua kwa bosi unapeleka lini, au ndo umeshapeleka?

Nipigie bwana, usinitumie emoji.

Shosti wako