Kujua kuogelea si kuujua mto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linaloniumiza kila ninaposoma habari za waliokufa maji mtoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, katika maji ya kila aina. Habari za misiba hiyo mara nyingi huishia kwa kusema kwamba marehemu hakujua kuogelea, nasi wasomaji huridhika, ilhali mto huwachukua hata waogeleaji hodari, kwa kuwa bwawa la kuogelea, ambalo maji yake yametulia na chini panaonekana, halimfundishi mtu kuusoma mkondo.

Kasi ya maji ikiongezeka mara 2, msukumo wake huongezeka mara 4. Ndiyo maana maji yanayofika magotini tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Niliwahi kusimama katika maji ya namna hiyo, mguu ukanasa kati ya mawe mawili, na mkondo ukanisukuma mgongoni mpaka kidevu kikagusa maji. Nilipona kwa sababu mwenzangu alibaki ukingoni akanirushia kamba, badala ya kujitosa tukafa wote wawili. Anayechukuliwa na maji ya kasi asijaribu kusimama. Alale chali, miguu itangulie ikiwa karibu na uso wa maji, kisha asogee mshazari kuelekea ukingoni bila kupambana na mkondo. Akiona mti ulioanguka majini, hapo aogelee kwa nguvu zake zote kuukwepa, maana maji hupenya katikati ya matawi lakini mtu hunasa.

Lililo bora zaidi ni kuuchunguza mto kabla ya kuvua nguo. Mimi hutupa kijiti majini nikatembea nacho sambamba, na kikiniacha nyuma, siingii. Hutazama pia mahali pa kutokea huko chini mto unakoelekea, na hukumbuka kwamba kwenye kona, upande wa nje ndio wenye kina na kasi. Kupiga mbizi kwa kutanguliza kichwa mahali usipopajua kunaweza kukuvunja shingo, hata kama ulipapima mwaka jana, kwa sababu mafuriko huhamisha mchanga na mawe. Na maji yakianza ghafla kuwa ya udongo au kubeba majani na vijiti, watu watoke mara moja, hata jua likiwa linawaka, kwa kuwa huenda mvua imenyesha huko juu mto unakotokea.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba waandishi wako wanaporipoti vifo hivi watueleze pia kama ilikuwa kwenye kona, chini ya maporomoko au baada ya mvua, ili mzazi anayesoma ajue ni mahali gani na wakati gani amzuie mwanawe.

Msomaji wako wa siku nyingi