Treni ya Bonane ijue kukataa abiria

Bwana Mhariri,

Naandika mapema makusudi, kabla watu hawajaanza kupigania milango ya bisi za kwenda Likasi na Kolwezi kwa Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya. Ukingoja Desemba ndipo useme, hakuna mkubwa wa kukusikiliza. Wote wamekwisha kufunga ofisi, na wao bisi hawapandi.

Mimi ni mama wa biashara, nanunua Dar es Salaam nauza hapa Lubumbashi. Mwaka jana mzigo wangu ulikawia bandarini wiki ile ya kuelekea Noeli. Badala ya kukaa hotelini nikiangalia dola zinavyoyeyuka, nikaona afadhali nikamsalimie mtoto wa dada yangu anayesoma Dodoma. Nikapanda treni mpya ya umeme, ile ya haraka ambayo wenyewe wanaiita Mchongoko kwa sababu ya pua yake iliyochongoka. Inafika hadi kilomita 160 kwa saa, na safari ambayo kwa bisi inakula siku nzima inaimaliza kwa muda usiofika saa nne. Unaingia mahandaki ya milima ya Kilosa, unatokea upande mwingine nchi imekuwa kavu, chungwa ulilomenya Morogoro bado liko mkononi.

Lakini mwendo wake si kitu kilichonifanya nishike kalamu. Kilichonishangaza ni geti.

Siku ile kituo cha Dar kilijaa watu wanaorudi bara kwa sikukuu, kila mmoja na begi lake na mifuko ya zawadi. Mbele yangu alikuwa bwana mmoja mwenye suti, na mke wake, na watoto wawili wakubwa. Watu wanne, tiketi tatu. Kijana wa getini akazisoma, akazilinganisha na vitambulisho, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa: "Mzee, hapa ni watatu. Treni imejaa." Bwana akaeleza. Akaeleza tena, sasa kwa ukali. Akatoa simu akampigia mtu, akataka kumpa yule kijana aongee naye. Kijana akakataa simu pia, akamwomba asogee kidogo ili wengine wapite. Mwisho mke na watoto wakaingia, yeye akabaki upande wa pili wa kizuizi akiwapungia mkono. Watu kwenye mstari walinung'unika, na mimi mwenyewe nilimhurumia, maana Noeli ni Noeli.

Halafu nikaingia ndani, nikakuta kiti changu kitupu kinaningoja, namba yake ndiyo iliyoandikwa kwenye tiketi, na jina langu kama lilivyo kwenye pasipoti. Katikati ya viti hakuna aliyesimama. Hakuna aliyekalia ndoo. Saa iliyoandikwa ilipofika, tukaondoka.

Bwana Mhariri, kwetu yule bwana angeingia. Simu ingepokelewa, au noti ingepita kiganjani, na watoto wake wangekalia mizigo ya wengine. Tena tungesema huo ndio utu.

Sisemi kule ni mbinguni. Mwaka 2024 walipoanza, treni iliwahi kusimama njiani kwa hitilafu ya umeme, na shirika lao likatangaza kwamba waliosababisha ni bundi na ngedere. Nchi nzima ilicheka. Hata hivyo walitangaza. Abiria alijua amekwama kwa sababu ya nani.

Najua nitakachojibiwa: mama, zile ni fedha nyingi, ni ufundi wa kisasa, sisi Katanga tuko nyuma. Nyuma ya nani? Reli ilifika mji huu mwaka 1910 ikitokea Rhodesia. Mwaka 1918 ilikuwa Bukama, na 1928 ilikwisha kufika Ilebo kwenye mto Kasai. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 nyaya za umeme zilitandikwa juu ya reli kati ya Likasi na Tenke, zikaendelea hadi kupita kilomita 800. Watanzania walianza kusafirisha abiria kwa treni ya umeme karibu miaka sabini baada yetu. Wazee wa mtaa wetu wa Makomeno waliofanya kazi ya reli bado wako hai, waulizeni. Sisi washabiki wa timu ya mpira ya Lupopo tunaitwa cheminots, yaani watu wa reli, mpaka leo, hata mtoto aliyezaliwa juzi Kamalondo ambaye hajawahi kuona behewa la abiria likitembea. (Wa Mazembe, watani wetu wa mpira, wasicheke, nao Bonane wanasafiri kama sisi.)

Kinachotupungukia, kwa maoni yangu, si pua iliyochongoka. Ni saa iliyoandikwa, kiti chenye namba, na mtu wa getini anayeweza kusema hapana bila kuogopa simu ya mtu. Hivyo vitatu havihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Tangu mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, Kolwezi ni mji mkuu wa Lualaba na sisi tuko Haut-Katanga, lakini jamaa hazikugawanywa. Mume anafanya kazi mgodini Kolwezi, mke na watoto wako Katuba, mama mkwe yuko Likasi. Bonane wote wanataka kukaa mbele ya sahani moja ya bukari, ugali wetu. Njia yao ni barabara moja, wanayogawana na malori ya shaba na kobalti yanayoelekea mpakani Kasumbalesa. Nauli inapanda kila asubuhi inayokaribia sikukuu, na dereva anataka kwenda na kurudi mara nyingi iwezekanavyo kabla watu hawajaisha. Kila mwaka tunazika.

Wasio na nauli ya bisi wanaitafuta reli kwa namna nyingine. Machi 2022, pale Buyofwe upande wa Lubudi, treni ya mizigo ilianguka, wakafa watu zaidi ya 60 waliokuwa wameidandia. Mtu mwenye akili hadandii behewa la mizigo usiku kwa mchezo. Anadandia kwa sababu hakuna kingine kinachopita. Shaba haina shemeji wa kumsalimia, lakini inatafutiwa njia mpaka bandari ya Lobito kule Angola, na wakubwa wa mataifa wanakuja kupigwa picha nayo.

Basi ombi langu ni dogo. Kuanzia tarehe 20 Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari, iwekwe treni moja ya abiria Lubumbashi, Likasi, Tenke, Kolwezi, na kurudi. Itembee polepole kama reli inavyoruhusu, hata ikichukua usiku mzima. Hakuna atakayelalamika akiwa amekaa. Saa ya kuondoka ibandikwe mlangoni pa gare, yaani kituo cha treni, mwezi Novemba. Tiketi ziwe na jina. Viti vikiisha, dirisha la tiketi lifungwe.

Hapo najua wengi watanikasirikia. Watasema mama huyu ameona Dar amekuwa tajiri. Treni ikianza kukataa watu, atakayeachwa ni maskini. Nimelifikiria sana jambo hili. Maskini anaachwa hata sasa, tofauti ni kwamba anaachwa amekwisha kulipa. Analala gare na watoto kwa sababu mtu alimwambia treni itatoka "labda Alhamisi". Anayeambiwa Jumatatu kwamba kiti cha Jumamosi hakipo, bado ana siku za kutafuta bisi, au lori la jirani, au kumpigia mkwe wake simu kwamba mwaka huu hatuji. Anayeambiwa saa sita ya usiku, begi likiwa kichwani na mtoto mgongoni, ataingia kwa dirisha au atapanda juu. Mimi ningepanda pia.

Wanaoweza kuharibu mpango huu ni sisi wenyewe, kwa barua za kuombea jamaa nafasi. Kila mkubwa ana binamu, na binamu ana mizigo. Kwa hiyo tiketi zisiuzwe gare peke yake, mahali ambapo kila mtu anamjua anayekaa dirishani. Ziuzwe pia kwenye komini zetu za Kenya, Ruashi na Kampemba, na orodha ya viti vilivyobaki ibandikwe nje kila jioni ili atakayeshika penseli kuibadilisha mbele ya macho ya watu aone haya.

Nyuma ya treni liongezwe behewa moja la unga, mbuzi na kuku, maana bila hivyo tutaviingiza ndani, mnatujua. Na bei ya kuku iandikwe kwenye tangazo pamoja na bei ya mtu, kwa sababu hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Mama mchuuzi,
Katuba, Lubumbashi