Kabla ya kushangilia jeshi, ulizeni karatasi yake: barua kwa vijana wa Kivu

Vijana wangu wa Bukavu, Goma, Uvira, Butembo na vijiji vyote vya katikati,

Nimeona majeshi mengi yakiingia katika miji yetu, na karibu kila mara nimewaona vijana wa rika lenu wakisimama kando ya barabara wakiimba. Sitawakemea kwa kuimba, maana mtu aliyechoshwa na mateso humkaribisha yeyote anayemwambia kwamba yamekwisha. Ninachowaomba ni hiki: kabla ya kuimba, ulizeni jeshi hilo limeingia kwa karatasi gani, na ni nani wa kwetu aliyeweka saini. Toka uhuru, majeshi ya kigeni yaliyotukanyaga karibu yote yalimpata Mkongomani wa kuyafungulia mlango.

Anzieni na mwaka 1960. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni. Siku chache tu baadaye askari wakawaasi maofisa wao Wabelgiji, Ubelgiji ikaleta wanajeshi wake bila kuitwa na serikali, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akautangaza mkoa wa Katanga kuwa nchi huru peke yake. Kesho yake Rais Kasavubu na Waziri Mkuu Lumumba wakatuma telegramu Umoja wa Mataifa kuomba msaada wa kijeshi. Walikuwa na haki ya kuomba. Lakini hawakuwa na uwezo wa kuliamuru jeshi waliloliita. Septemba, viongozi hao wawili walipogombana, ni Umoja wa Mataifa uliofunga viwanja vya ndege na redio ya Kinshasa, na aliyeumia zaidi kwa hatua hiyo ni Lumumba. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga. Ubelgiji ilikiri sehemu yake ya lawama mwaka 2002 tu.

Sisi wa Bukavu tuna somo letu wenyewe. Mwaka 1964 Tshombe, wakati huo akiwa waziri mkuu, aliwakodi mamluki wa Kizungu wapigane na Wasimba, waasi wa mashariki. Mwaka 1967 mamluki hao, wakiongozwa na Mbelgiji Jean Schramme, waliligeuka jeshi la taifa na kuushika mji huu kuanzia Agosti hadi Novemba. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Tulikimbia na godoro moja. Kwa hiyo Januari 2025, Goma ilipoanguka na Waromania waliokodiwa upande wa serikali wakavushwa mpaka kuingia Rwanda, mimi sikushangaa. Mpiganaji wa kukodi hana kaburi la babu yake la kulinda hapa.

Rais Mobutu naye, mara mbili Shaba, yaani Katanga kwa jina la wakati huo, ilipovamiwa, 1977 na 1978, aliokolewa na askari wa nje: mara ya kwanza Wamoroko, mara ya pili Wafaransa na Wabelgiji waliotua Kolwezi. Tulilipia wokovu huo kwa miaka karibu ishirini zaidi ya utawala wake.

Sasa nifike mwaka 1996, maana huo ndio unaowafunga ninyi. Oktoba mwaka huo vyama vinne viliungana kwa mkataba unaoitwa wa Lemera na kuunda muungano wa waasi, AFDL. Waliotia saini walikuwa Laurent-Désiré Kabila, André Kisase Ngandu, Anselme Masasu na Déogratias Bugera. Nyuma yao walisimama askari wa Rwanda na Uganda, na mwaka uliofuata Kigali yenyewe ilikiri kuiongoza vita ile. Tazameni mwisho wa watia saini hao. Kisase aliuawa Januari 1997, kabla Kinshasa haijafikiwa. Masasu alipigwa risasi Novemba 2000 kwa amri ya serikali ya Kabila. Kabila mwenyewe aliuawa ofisini kwake tarehe 16 Januari 2001. Aliyepona ni Bugera peke yake, naye mwaka 1998 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa RCD, uasi mwingine tena. Na nyuma ya majina hayo manne kuna kadogo, watoto askari wadogo kuliko ninyi, waliotembea kwa miguu kutoka hapa hadi Kinshasa, na wengi wao hata kaburi hawana. Anayewaita leo mjiunge na kundi lolote, liwe na jina zuri la uzalendo au la ukombozi, mwulizeni kadogo wa 1996 wako wapi.

Na sasa jambo ambalo wengi wenu hamtalipenda. Mlango ule wa 1996 haukufunguliwa na wale wanne tu. Mwaka 1972 sheria iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wakiishi Kivu kabla ya 1950; mwaka 1981 sheria nyingine ikaufuta. Watu waliolala raia wakaamka wageni. Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu Kusini akawapa Banyamulenge, Watutsi wa mkoa huo, siku chache waondoke. Jeshi la Rwanda lililokuwa limeshajipanga ng'ambo ya mto Ruzizi lilipata sababu ya kuuonyesha ulimwengu, nasi ndio tuliolipatia sababu hiyo. Simaanishi kwamba damu ya Kasika na ya Makobola, vijiji vyetu ambako raia waliuawa kwa wingi, ilikuwa halali. Hakuna aliyekuwa na haki ya kuimwaga. Ninasema jirani mnayemtukana leo kwa pua yake na kwa ukoo wake ndiye ambaye jenerali fulani atadai kesho kwamba amekuja kumlinda. Sheria ya 2004 ilijaribu kurekebisha uraia. Mioyo yetu bado.

Mnaniuliza: tukae tu basi, tukanyagwe? Hapana. Krismasi ya 1999, mji ukiwa chini ya RCD na Rwanda, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko aliandika ujumbe kwa waumini, akautaja unyonyaji wa wageni na usaliti wa wenyeji bila kuficha. Februari 2000 walimfukuzia Butembo. Alikuwa Mnande, si mtu wa hapa kwa kabila, na bado Bukavu ilisimama kwa ajili yake. Watu hawakubeba silaha. Septemba RCD ililazimika kumrudisha. Alifariki Oktoba mwaka huohuo. Mtangulizi wake, Christophe Munzihirwa, aliuawa hapa mjini tarehe 29 Oktoba 1996 kwa sababu hakunyamaza.

Jambo la mwisho ndilo ninalotaka mlifanye kwa mikono yenu. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Uganda ilivunja sheria katika nchi yetu. Kongo ikadai fidia ya zaidi ya dola bilioni 11. Februari 2022 majaji wakatoa dola milioni 325. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa inatokana na ushahidi: kwa mengi tuliyodai, majaji waliona uthibitisho hautoshi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 iliorodhesha matukio 617 ya kati ya 1993 na 2003, na mpaka leo hakuna mahakama ya kimataifa iliyoundwa kwa ajili yake.

Basi andikeni. Nunueni daftari. Jina kamili la marehemu, umri, kijiji, tarehe, ni jeshi gani, nani aliona, nyumba gani ilichomwa, ng'ombe wangapi walichukuliwa. Kila shahidi aandikwe kwa maneno yake mwenyewe, na kwa idhini yake. Banyamulenge waliouawa waandikwe kwa wino uleule wa Wabembe, Wafuliiru, Wahunde na Wahutu. Fanyeni nakala mbili: moja ibaki kwa mtu anayeaminika mtaani, nyingine ivuke mpaka na msomi au padri. Picha za simu peke yake hazitoshi, simu huibiwa na kufutwa. Anayetafuta pa kuanzia aanze na wazee wa mtaa wake juma hili, maana sisi tuliokumbuka 1967 tunaondoka.

Mzee wenu,
Kadutu, Bukavu