Sinthesaiza Umeisakinisha, Mbona FL Studio Haiioni?

"Kaka, plagini nimeiweka, imekubali, lakini nikifungua FL haipo."

Kwetu mafundi wa kompyuta za muziki, hiyo ndiyo simu tunayoipokea kuliko zote, hasa usiku, saa ambazo maprodyuza wanapata utulivu wa kufanya kazi. Nasi hujibu kwa swali moja: wakati wa kusakinisha, ilijiweka kwenye folda gani? Mara nyingi mteja ananyamaza. Alibonyeza Next, Next, Finish, akasubiri sauti.

Plagini, yaani programu ndogo ya kuongezea ala au sauti, kama sinthesaiza, ni faili tu. Programu ya kurekodia, kama FL Studio, lazima ilitafute faili hilo, ilikague, kisha iliandike kwenye orodha yake. Kama faili limekaa mahali ambapo programu haipiti, utasakinisha hadi asubuhi na hutaona kitu. Kwa hiyo tunawaomba sana wateja wetu: usisakinishe mara ya pili kabla hujajua ya kwanza ilikwenda wapi.

Alikuja kijana mmoja wa singeli na laptopu yenye sinthesaiza ileile mara nne, kila moja kwenye folda yake, moja ikiwa hata kwenye Desktop. FL Studio ilikuwa inaokota ile ya zamani, kisha inajifunga. Alikuwa amemaliza bando la siku mbili kupakua faili lilelile. Tulifuta zote, tukaweka moja, tukaiskani. Dakika kumi. Iliniuma, maana bando lile lilikuwa fedha yake ya kula.

Mkanganyiko huu una asili yake. Mfumo wa VST, yaani utaratibu wa kuunganisha plagini na programu za kurekodia, ulitolewa na Steinberg, kampuni ya Ujerumani, mwaka 1996, na kwa miaka mingi plagini zake hazikuwa na folda moja maalumu kwenye Windows. Kila mtengenezaji alichagua pake. Toleo la VST3, lililotoka 2008, ndilo lililoleta nidhamu: mafaili yake hukaa C:\Program Files\Common Files\VST3, na programu zinazotumia VST3 zinapajua. Ukipewa nafasi ya kuchagua, weka tiki kwenye VST3 na usiiguse folda yake. Kama plagini ni ya VST2, yaani faili linaloishia na .dll, tengeneza folda moja tu, kwa mfano C:\Program Files\VSTPlugins, na zote ziende humo.

Kisha ielekeze programu yako. Kwenye FL Studio ingia Options, halafu Manage plugins, ongeza folda hiyo kwenye orodha ya njia za kutafutia, kisha iambie itafute. Kwenye Reaper, programu nyingine ya kurekodia, utaipata ndani ya Preferences, sehemu ya VST, na pale pana kitufe cha kuskani upya. Cubase nayo ina meneja wake wa plagini.

Kuna suala la biti 32 (mfumo wa zamani) na 64 (wa sasa) pia, na hapa nasema biti ya kompyuta, si biti ya muziki. FL Studio na Reaper bado zinaweza kubeba plagini za biti 32, japo zinaelemewa. Cubase iliacha kuzipokea tangu toleo la 9. Ukiona plagini imejiweka Program Files (x86), kuna uwezekano mkubwa ni ya biti 32. Tafuta ya 64.

Wa Mac, kumbukeni kwamba programu ya Logic Pro haisomi VST kabisa. Inataka AU, mfumo wa plagini wa Apple. Pro Tools inataka AAX, mfumo wake yenyewe. Sakinisha aina inayohusika, basi.

Sasa imeonekana, umeifungua, lakini ukibonyeza kinanda, kimya. Hapo plagini haina kosa, noti hazijaifikia. Hakikisha kinanda chako kimewashwa kwenye mipangilio ya MIDI, yaani njia inayopeleka noti kutoka kinanda hadi programu. Kwenye Reaper inabidi pia uwashe kitufe chekundu cha treki na uchague MIDI kama njia ya kuingilia.

Sauti ikitoka kwa kuchelewa, angalia bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukitoa. Bafa ya sampuli 2048 kwa kasi ya sampuli 44100 kwa sekunde inachelewesha takriban milisekunde 46. Kwenye wimbo wa polepole utavumilia. Lakini kwenye singeli ya BPM 200 (mapigo 200 kwa dakika), hatua moja ya FL, yaani robo ya pigo, ni milisekunde 75, kwa hiyo kidole chako kinaachwa nyuma zaidi ya nusu hatua, na utajiona hujui kupiga kumbe unajua. Tumia draiva ya ASIO, inayopunguza ucheleweshaji wa sauti, shusha bafa hadi 256 unapopiga, ipandishe tena wakati wa kumiksi ili kompyuta ipumue.

Jambo la mwisho linatusumbua moyoni. Hatusakinishi plagini za wizi, hata mteja akija nalo faili kwenye flashi. Tumepokea kompyuta zilizoingiliwa na virusi kwa njia hiyo, na kazi za miezi zikapotea, zikiwemo albamu za kwaya ambazo waimbaji walichangishana kuzirekodi. Sinthesaiza za Surge XT na Dexed ni za bure kabisa, na Vital ina toleo la bure linalotosha kutengeneza besi nzito. Dexed inafuata muundo wa kinanda cha sinthesaiza cha Yamaha DX7 cha 1983. Ukitafuta piano ya umeme au kengele, anzia hapo.

Ukituletea kompyuta, njoo na chaja, kinanda chako na waya wake, na saundi kadi kama unayo. Uwe na nywila ya barua pepe uliyonunulia leseni, kwa sababu plagini nyingi hazifunguki bila hiyo. Na miradi yako inakili kwanza kwenye diski ya nje kabla hujatoka nyumbani.