Wifi yangu angebadili karanga, si titi

Ndugu Mhariri,

Mimi ni muuza nyanya na karanga hapa Busia, upande wa Uganda. Wifi yangu amemwachisha kunyonya mtoto wa miezi mitatu. Alitumiwa ujumbe kwenye WhatsApp kwamba maziwa ya mama wa siku hizi yamejaa DDT, ile dawa ya kuua wadudu, na zebaki, akaingiwa na hofu, akamtuma mumewe maziwa ya kopo. Sasa mtoto anaharisha, na mimi nina hasira, ila si kwa wifi.

Ujumbe wenyewe haukuzua kila kitu. DDT ilipatikana katika maziwa ya wanawake wa Marekani tangu 1951. Sumu hiyo hukaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka, na maziwa yana mafuta, basi mtoto huipata humo. Hapa kwetu ilipulizwa kwenye nyumba za wilaya za Apac na Oyam mwaka 2008 kwa ajili ya mbu, mpaka watu wakaenda mahakamani.

Lakini kopo linaokoa nini? Unga unakorogwa kwa maji ya kisima na chupa inasuuzwa juu juu. Shirika la Afya Duniani linajua habari za DDT kuliko huyo aliyetuma ujumbe, na bado linasema miezi sita ya mwanzo mtoto anyonye tu, hata maji asipewe.

Niseme ninayoyaona kila siku. Karanga zikifika zimenyeshewa, tunazichambua. Nzuri zinauzwa nzima. Zilizosinyaa na kuota ukungu hazitupwi hata kidogo: zinakaangwa, zinasagwa, maana kwenye karanga ya kusaga hakuna mteja anayeona rangi. (Mimi nauza nzima tu, na wenzangu wananiita mringaji.) Ukungu huo unatoa aflatoksini, sumu ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Mama akiila, sehemu yake inatokea kwenye maziwa. Ila hii haina ukaidi wa DDT. Akiacha chakula chenye ukungu, maziwa yanaanza kusafika baada ya siku chache. Kama wifi yangu angeambiwa hivyo kliniki, angebadili karanga, si titi.

Nyanya nazo zinakuja na vumbi jeupe la dawa ya ukungu, mancozeb. Wakulima wengine wanapiga dawa leo na kuvuna kesho, ingawa karatasi ya dawa inataja siku za kusubiri, kwa kuwa wachuuzi wanaamini nyanya ya hivyo haiozi upesi. Tuzioshe, ndiyo. Lakini kwa nini kazi yote aachiwe mwenye sufuria?

Krimu za kujichubua sina maneno mengi juu yake. Zenye zebaki zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango la Uganda, na bado mtu akitaka anazipata. Mama anajipaka, kisha anamshika mtoto kwa mikono hiyo hiyo.

Uswidi walipiga marufuku DDT mwaka 1970, na kiasi chake katika maziwa ya akina mama wao kikashuka sana miaka iliyofuata. Hawakuwaambia wanawake waache kunyonyesha. Walifunga mlango ambako sumu ilikuwa inaingilia.

Hapa sokoni afisa tunayemjua ni wa ushuru, naye hachelewi. Naomba tuone na mwingine: wa kupima unyevu wa karanga kabla hazijashushwa kwenye lori, wa kumuuliza mwenye nyanya alipiga dawa lini, wa kufungua makopo ya krimu kwenye vibanda. Na wakunga wapewe muda wa kuzungumza na kina mama habari hizi, kabla simu hazijawatangulia. Wifi yangu nimeshamwambia amrudishe mtoto kwenye titi. Mkunga anasema maziwa yanaweza kurudi akimnyonyesha mara kwa mara.

Ni mimi,
Muuza karanga,
Busia, Uganda